Nililipia elementi ya pili kwenye oveni ya moshi, nikarudishiwa mtambo wa kuua mtu: mafundi wa Kisumu, kazi hii mnaifanyaje?

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu nikiwa na hasira, na nitaieleza kwa mpangilio ili hata asiye upande wangu apate nafasi ya kupima. Karakana moja hapa Kisumu ilichukua shilingi 9,500 zangu ili iongeze elementi ya pili (koili inayopasha joto) katika oveni yangu ya umeme ya kukausha samaki kwa moshi. Mara ya kwanza waliirudisha ikiwa na joto pungufu kuliko ilivyokwenda kwao. Nilipolalamika, wakairudisha ikiwa na joto lisilozimika. Sasa hawataki kusikia habari ya kurudisha pesa, na wanadai kwamba oveni ilikuwa mbovu tangu awali.

Oveni haikuwa mbovu. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba elementi ya wati 1,500 ilizidiwa na mzigo. Mbuta (sangara) mbichi ana maji mengi, na sharti sehemu kubwa ya maji hayo itoke ndipo nyama ishike rangi na ladha ya moshi. Kuvukiza kilo moja ya maji hula takriban kilojuli 2,260, kwa hiyo elementi ya wati 1,500 hufanya kazi dakika 25 hivi kwa kila kilo ya maji, hata tukichukulia kwamba hakuna joto hata chembe linalopotea kupitia kuta, dohani na mlango. Trei zikijaa vipande vilivyotoka kwenye maji ya chumvi, usiku mzima hauwatoshi, na mteja aliyeagiza mzigo wa asubuhi hawezi kuambiwa arudi jioni. Ndiyo maana niliomba elementi ya pili yenye wati zile zile. Ni ombi la kawaida kabisa kwa fundi anayeijua kazi yake.

Walichofanya kwanza kinanishangaza mpaka leo. Waliziunga elementi hizo mbili kwa mfuatano, umeme ukitoka ya kwanza ndipo uingie ya pili, na fundi akaniambia kwa kujiamini kwamba sasa nina wati 3,000. Kwa umeme wetu wa volti 240, elementi mbili zinazolingana zikiungwa namna hiyo zinagawana volti, kila moja inapata 120, na kila moja inatoa robo ya nguvu yake. Robo mbili za 1,500 ni wati 750. Yaani nililipa pesa nzuri ili nipunguziwe joto kwa nusu! Samaki walikaa humo wakiwa vuguvugu kwa saa nyingi, na kipimajoto nilichokichoma katikati ya nyama hakikukaribia nyuzi 63, kiwango ambacho mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hutaka samaki wa moshi wa moto wafikie na kukaa nacho kwa dakika 30. Nyama iliyolala muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60 ni shamba la bakteria. Siwezi kumuuzia mama mwenye watoto kitu kama hicho, kwa hiyo mzigo wote niliutupa.

Niliporudi kwao hawakuomba radhi. Waligeuza nyaya, wakaziunga elementi sambamba, kila moja ikipata volti zote 240, na safari hii ni kweli wati 3,000 zilipatikana. Ila hawakubadilisha kitu kingine chochote, na hapa ndipo malalamiko yangu yalipo hasa. Elementi moja ya wati 1,500 huvuta ampea 6.25, mbili zikiwa sambamba huvuta ampea 12.5. Thamostati ya oveni, kile kidhibiti cha joto, imeandikwa ubavuni, kwa maandishi yanayosomeka bila miwani, kwamba mwisho wake ni ampea 10. Kebo iliyotoka kiwandani ni ya milimita moja ya mraba, nayo mwisho wake ni ampea 10. Plagi ni hii yetu ya ampea 13, ambayo kuitumikisha kwa 12.5 saa baada ya saa ni kuitafutia moto. Fundi aliyaona yote hayo, akafunga kifuniko, akaniambia nijaribu.

Nilijaribu. Mwanzoni joto lilipanda vizuri nikafurahi, kisha likapita nyuzi nilizoweka na kuendelea kupanda. Nilirudisha kitufe cha thamostati hadi sifuri, lakini taa nyekundu ilibaki inawaka na elementi zikabaki nyekundu. Nikazima kwenye swichi ya ukutani, na plagi ilikuwa na joto la kuchoma vidole. Pointi za ndani ya thamostati zilikuwa zimeyeyuka na kushikana kwa sababu ya mkondo zisioumudu, na zikishikana hakuna tena kitu cha kukata umeme. Vipande vya mbuta vilivyokuwa kwenye trei za chini viligeuka makaa upande mmoja. Huo ulikuwa mzigo wa mkahawa ulioniamini, na sikuwa na kingine cha kuwapelekea.

Nilimwita jirani yangu ambaye ni fundi mwenye leseni aifungue oveni mbele yangu. Naomba msome sehemu hii polepole. Nyuma ya kifuniko, plastiki ya waya wa moto, ule unaoleta umeme, ilikuwa imekuwa kahawia na ngumu kwa urefu wa kidole, na alipoikunja kidogo ikavunjika vipande vipande, shaba ikabaki uchi milimita chache kutoka kwenye bati. Waya wa elementi mpya ulikuwa ule wa kawaida wa nyumbani, ambao plastiki yake imetengenezwa kuhimili nyuzi 70, nao ulipitishwa ubavuni mwa chumba kinachopita nyuzi 100. Kisha akanionyesha waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ulikuwa umekatwa kwa koleo na kukunjwa nyuma ya fremu, kwa kuwa ulizuia nafasi ya kupachika elementi ya pili.

Walikata waya wa athi kwenye sanduku la bati ambalo ndani yake hudondoka maji ya chumvi, na ambalo mimi na msichana anayenisaidia hulishika kwa mikono iliyolowa, tukisimama kwenye sakafu ya saruji iliyolowa pia. Ile shaba iliyo uchi ingegusa bati, fyuzi isingejua, na bati lote lingekuwa na volti 240 likimsubiri wa kwanza kufungua mlango. Kwa hili sitanyamaza, hata wakinirudishia kila shilingi.

Hata mahali walipoiweka elementi hiyo ni pabaya. Waliipachika chini kabisa ya trei ya maranda ya mpera, hivyo maranda yakashika moto badala ya kufuka taratibu, na moshi ukawa mzito wenye masizi. Mbuta ni samaki wa mafuta, na hawakuweka bati la kukinga matone. Mafuta yakidondokea elementi iliyo nyekundu hutoa moshi wenye kemikali zinazohusishwa na saratani, na moshi huo hupanda moja kwa moja hadi kwenye nyama.

Kazi hii inawezekana, na jirani yangu alinieleza bila kukuna kichwa. Elementi ya pili ipewe thamostati yake, au thamostati moja iamrishe kontakta, yaani swichi kubwa inayobeba mkondo wote. Kuwe na kikata-joto cha pili kitakachozima kila kitu endapo thamostati itashindwa. Nyaya za ndani ziwe za silikoni, kebo ya nje iwe ya milimita 2.5 za mraba, na oveni iwe na laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme pamoja na swichi yake yenyewe. Gharama ingepanda, na ningelipa. Hakuna aliyenipa hesabu hiyo nikaikataa. Kuongeza maji kwenye tangi huku bomba likiwa lile lile jembamba hata mtoto wa shule anajua litapasuka.

Nilipowapelekea thamostati iliyoungua, mwenye karakana aliniangalia akasema, "Mama, mashine za siku hizi ni fyongo, sisi tuliongeza tu elementi ulivyotaka." Nilipomuuliza leseni yake ya ufundi wa umeme, ambayo kisheria hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, alisema mwenye leseni yuko safarini.

Nadai vitu vitatu: shilingi 9,500 zangu, thamani ya samaki wa mizigo miwili, na gharama ya kurudisha oveni katika hali ya usalama. Risiti ninayo, na ujumbe wa simu ambamo fundi anathibitisha kwamba "wati 3,000 ziko sawa" ninao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Wasiponilipa tutakutana huko, na malalamiko ya leseni nitayapeleka EPRA hata wakinilipa.

Karakana siitaji kwa sasa kwa kuwa shauri linaweza kufika mahakamani. Lakini najua kwamba wauzaji wengi wa samaki hapa Kisumu, kuanzia Dunga hadi Kibuye, wameanza kuuliza habari za oveni za umeme kwa sababu kuni zimepanda bei, na wataongezewa elementi na watu wa aina hii hii. Kama yako imeongezwa ya pili na inatumia plagi ile ile ya zamani, chomoa kwanza, iache ipoe, kisha fungua kifuniko cha nyuma uangalie thamostati imeandikwa ampea ngapi na waya wa athi umefungwa wapi. Andikeni hapa chini mlichokikuta, nami nitaambatanisha majibu yenu kwenye barua yangu.