Je, bendi ziondolewe mitaani Kisumu?

Wakazi wa Kisumu na wapenzi wa muziki, tulijadili hili bila matusi. Kuna wanaotaka klabu zote zilizo karibu na makazi zifungwe, kwa sababu watu hawalali. Wengine wanasema jiji lenye ziwa na wageni haliwezi kuzima taa mapema. Msimamo wangu: kelele zidhibitiwe kikamilifu, lakini bendi zinazopiga moja kwa moja zilindwe, maana kila msako ukija ndizo zinazoumia kwanza.

Jirani ana haki yake. Joto letu mnalijua, usiku dirisha halifungwi. Ukiwa mtaa wa Nyalenda au Manyatta ndani ya nyumba ya mabati, besi inakufuata mpaka kitandani. Kuna mtoto wa kidato cha nne anayesoma, kuna nesi aliyetoka zamu. Kuwaambia hao wahame kama hawapendi kelele ni kukosa utu.

Lakini hebu tuiangalie sheria yenyewe. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kuanzia hapo kiwango ni desibeli 35, hata eneo la biashara. Watu wawili wakizungumza kwa sauti ya kawaida wanakaribia 60! Ukiifuata kanuni hiyo neno kwa neno, hata gitaa moja lisilo na spika ni kosa. Ndiyo maana hakuna anayeifuata, na siku ikiamuliwa itumike, anayekamatwa ni yule aliyechaguliwa.

Baada ya hapo mwenye klabu anapiga hesabu. Bendi ni watu watano, sita au zaidi, wote wanalipwa kwa usiku. DJ ni mmoja na kompyuta yake. Bendi inaachwa, spika zinabaki palepale, jirani bado halali. Tumepoteza muziki na kelele hazijapungua.

Na tunachopoteza si kidogo. Benga, muziki wa gitaa wa Waluo, ilikulia huku kwetu. Lile gitaa la solo linadonolewa kama nyatiti, ala ya nyuzi 8. Mwimbaji D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz waliipeleka benga mbali kuliko mwanasiasa yeyote alivyowahi kututangaza. Mgeni akishazunguka ufuo wa Dunga kwa mashua na kula samaki, jioni tumpeleke wapi? Rekodi anazo kwenye simu. Asichokuwa nacho ni pakruok: mteja ananyanyuka, ngoma za ohangla, muziki wetu wa asili, zinakatwa ghafla, anatoa noti, anapewa maikrofoni, anajisifu yeye, shemeji zake na kijiji alikozaliwa, ukumbi mzima unaitikia, kisha mwimbaji anayashika majina hayohayo na kuyaingiza katika wimbo. Hilo halifanyiki na spika peke yake. Pesa ile inaingia mkononi mwa wanamuziki, watu wenye kodi ya nyumba na karo ya kulipa.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti udhibiti wa kelele, leseni za pombe na burudani za umma, vyote pamoja. Basi kaunti itoe leseni ya bendi iliyo tofauti na ya disko. Mitaani, bendi ianze saa kumi na moja jioni, imalize saa nne. Wenye familia wataweza hata kuja na wazazi wao. Kukesha kuwe katikati ya mji tu, ndani ya kuta zinazozuia sauti, si bustani ya wazi yenye spika zilizoelekezwa barabarani. NEMA nayo ipandishe kile kiwango cha 35 katika maeneo ya biashara kiwe kitu kinachoweza kufuatwa, halafu atakayekivuka apokonywe leseni bila kujali anamjua nani.

Wanamuziki, mnaweza kuishi kwa kupiga jioni, au wateja wenu huja usiku wa manane tu? Na ninyi mnaoishi ukuta kwa ukuta na klabu, saa nne mngeikubali?