Mrejesho: ule mkanda uliokuwa ukilia asubuhi

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu gari langu la 1997: mkanda wa altaneta (mtambo unaozalisha umeme wa gari) unalia nikiwasha asubuhi, na nikifungulia kiyoyozi kwenye foleni ya feri Likoni ndio unazidi. Nimerudi na majibu.

Mlinikataza kuupaka sabuni ili unyamaze, nikawasikia. Nilipoutoa na kuukunja kinyume, upande wa ndani ulikuwa unang'aa kama kioo, na nyufa zimekatiza mifereji yote. Mpya nimenunua Mwembe Tayari, kwa kufananisha namba zilizo mgongoni mwa ule wa zamani.

Kukaza ndiko kulikonitoa jasho. Mara ya kwanza nilikaza kupita kiasi, altaneta ikaanza kuvuma. Wewe uliyeniambia nilegeze kwanza bolti zote mbili za altaneta, ile ya egemeo na ile ya kufungia, ndipo niguse ya kurekebishia, Mungu akubariki. Sasa nikiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili unazama kama milimita 10. Siku ya tatu ulikuwa umelegea kidogo, nikaukaza tena, kama mlivyonionya kuhusu mkanda mpya.

Kelele imekwisha kabisa. Mvumo bado. Jana nilitoa mkanda nikazungusha puli ya altaneta kwa mkono: inakwaruza, beringi imekufa. Hiyo namwachia fundi wangu wa Changamwe, Jumamosi. Shukran sana, nyote.