Re: Kuhama kwa ajili ya shule? (fomu ya sekondari, mwisho 31 Oktoba)

Dada yangu,

Ushauri uliopewa, kwamba uhamie karibu na shule nzuri ili mwanao apate sekondari ya serikali hapa London, umeniuma. Kodi ya nyumba mtaa ule ndiyo ada yenyewe, ila haiitwi ada. Fomu ni bure kwa wote, lakini maombi yakizidi nafasi, shule nyingi hupima umbali hadi mlangoni kwako, na mwenye pesa huununua umbali huo. Shule za grama nazo, 163 England nzima, huchagua kwa mtihani, na watoto wengi wanaofaulu wamelipiwa tuisheni. Sisi tunaofagia maofisi alfajiri tutaitoa wapi?

Usihame. Jaza nafasi zote 6 za fomu ya London. Wapo wanaoandika shule moja wakidhani ndiyo watapewa. Shule haiangalii umeiweka ya ngapi, na ukiikosa hiyo moja utapangiwa iliyobaki na nafasi. Anza na unayoipenda kweli, ila mojawapo iwe ile ambayo kwa umbali wenu mtaingia. Waulize halmashauri mtoto wa mwisho kupokewa mwaka jana alikaa umbali gani.

Na hili tafadhali msilipuuze: tangu Septemba 2023 watoto wote wa shule za msingi za serikali London wanakula bure, kwa hiyo wazazi wengi hawaombi tena chakula cha bure cha wenye kipato kidogo. Ombeni! Usajili huo ndio unaoipatia shule fedha za Pupil Premium (nyongeza ya serikali kwa watoto wa kipato kidogo) kwa ajili ya mwanao, na baadhi ya shule za grama huwapa watoto hao kipaumbele au alama nafuu. Familia yenye haki hiyo isipojiandikisha, mtoto anahesabiwa sawa na wa mwenye nyumba ya milioni.

Mama wa watoto wawili, Barking

---

Ahsante sana dada. Wangu ameanza mwaka wa sita, wa mwisho wa msingi, juzi. Mtihani wa grama bado tunauwahi?

---

Usajili mara nyingi hufungwa kiangazi, kabla mwaka wa sita haujaanza, lakini piga simu leo hii, usingoje barua. Majibu ya shule hutoka tarehe 1 Machi. Mkipewa msiyoitaka, ikubalini, msibaki bila shule. Kuikubali hakuwanyimi haki ya kukata rufaa wala kukaa kwenye orodha ya kusubiri ya mnayoitaka. Orodha hiyo lazima iwe wazi angalau hadi 31 Desemba, na nafasi hupatikana hata Septemba, familia zinapohama.