Shifta fupi kwenye Subaru ya gia za mkono: ipi niilipie?

mtaa_wa_saba: Wakuu, habari za leo. Nataka kufunga shifta fupi (mkono wa gia wenye mwendo mfupi) kwenye Subaru yangu. Nimepata mbili: ya STI (tawi la Subaru la magari ya mbio) iliyotumika, kutoka Japani, na Kartboy (chapa ya vipuri) mpya ya kuagiza Marekani. Ipi niilipie? Mwenye ile ya STI anasubiri mpaka Ijumaa.

Spana12: Subaru ipi mkuu? Mwaka gani? Gia 5 au 6? Na tatizo ni nini hasa? Bila hayo tunapiga ramli.

mtaa_wa_saba: Samahani. Impreza WRX, bodi ya GDA, 2003, gia 5. Mkono wa gia unacheza. Hata gia ya tatu ikiwa imeingia, unayumba kushoto na kulia kama mwiko kwenye sufuria.

Spana12: Basi hujafika kwenye shifta. Huo ni ugonjwa wa bushi (pete laini za kwenye maungio). Kagua bushi za kiungo cha rodi (fimbo inayopeleka mwendo wa mkono kwenye giaboksi), kisha ile kubwa ya nyuma inayoshika stei (fimbo inayoshikilia mkono) kwenye bodi. Ingia chini ya gari, mwenzako achezeshe mkono: utaona stei nzima inatembea wakati inatakiwa kutulia. Shifta fupi juu ya bushi zilizokufa haitaondoa huo mchezo.

Boxa_Ngara: Bushi sawa, lakini weka za poliurethani (kama plastiki ngumu), usiweke za mpira. Mpira ukilowa oili unavimba na kulegea.

Mama_Torque: Poliurethani inaleta mtetemo mkononi, hasa gari likiwa sailensi (limesimama, injini inanguruma). Kwa gari la kila siku, mpira wa original unatosha. Halafu tuambiane ukweli kuhusu shifta fupi: ni wenzo tu. Tuseme juu ya egemeo (pale mkono unapopindia) kuna sm 20 na chini sm 5. Rodi ikienda sm 2, mkono unakwenda sm 8. Inua egemeo sm 1.5, mkono unakwenda kama sm 5.7. Umepunguza mwendo karibu asilimia 29, ila nguvu ya kusukuma imepanda asilimia 40. Sinkro (pete za kulainisha kuingia kwa gia) ikiwa imechoka, hapo ndipo utaisikia.

kijana_wa_lami: Mbona mnampa hesabu? Kata mkono juu, chonga nyuzi upya, kazi imeisha.

Mama_Torque: Nyuzi ni M12x1.25 (unene mm 12, hatua mm 1.25), na mkono wenyewe unazidi kunenepa ukishuka. Ukichonga ovyo, kichwa cha mkono wa gia kinabaki kiganjani mwako katikati ya gia. Pia unakuwa mbali zaidi na usukani.

kijana_wa_lami: Na aweke oili ya gia ya daraja la GL-4. GL-5 inakula shaba ya sinkro.

Spana12: Hapana! Giaboksi hii inagawana oili na difu ya mbele, na difu hiyo ni ya haipodi (meno yake yanasuguana kwa shinikizo kubwa). GL-4 haitalinda meno yake. Weka GL-5, 75W-90, lita 3.5, kisha pima kwa kijiti chake. Gia zikiwa ngumu asubuhi tu, labda jamaa anakaa Makambako kwenye baridi.

Fundi_Kimya: Niongeze la kufunga, maana hapo ndipo watu huharibu. Kuna WRX ililetwa gereji gia ya tano inaruka. Giaboksi ilikuwa imeshafunguliwa kwingine na kufungwa bure, hakuna kilichoonekana. Kosa lilikuwa nje: shifta fupi ina ncha ndefu chini ya egemeo, na bati la kukinga joto la ekzosi lilikuwa limebonyea juu. Mkono ukienda mbele, ncha ya chini inarudi nyuma, na kwenye kona ya tano kichwa cha bolti kilikuwa kinagota kwenye bati. Gia inaingia nusu, unaachia mafuta, inatoka. Ikiruka hivyo mara nyingi, pembe za meno zinalika, na hapo unafungua giaboksi kwa sababu ya kweli.

Kwa hiyo: gari juu ya stendi nne, si jeki. Ekzosi ipoe. Toa kichwa, konsoli na mpira wa vumbi. Chini, fungua bolti ya rodi na ya stei, spana 12, kisha vuta mkono kwa juu. Paka grisi kwenye bushi. Usikaze bolti ya kiungo mpaka kigome. Kabla ya kurudisha konsoli ingiza gia zote, na rivasi, injini ikiwa imezimwa, mwenzako akiangalia chini.

Boxa_Ngara: Mkuu, weka picha ya hiyo ya STI.

mtaa_wa_saba: Hii hapa. Ina pete ya kuvuta chini ya kichwa.

Spana12: Hiyo pete ni ya kufungulia rivasi. Ni ya gia 6, haikuhusu.

kijana_wa_lami: Si atafute na giaboksi ya gia 6 basi?

Fundi_Kimya: Uwiano wa difu ya nyuma ukitofautiana na wa mbele ataua senta difu (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma).

kijana_wa_lami: Anunue na difu.

mtaa_wa_saba: Hizo bushi za mpira, Kariakoo zinauzwa moja moja au seti?