Wakuu, seva za kiporo kwenye klasta: zitaniokoa asubuhi boti zikirudi au najidanganya?

Mwana_Kibirizi:
Habari za saa hizi wakuu. Niko Kigoma mjini, tuna kiapp chetu cha bei ya dagaa na migebuka, mchuuzi anaweka oda mzigo ukiwa bado uko kwenye boti. Sasa ishu iko hivi, boti zinavua usiku kwa taa, alfajiri zinarudi Kibirizi, na kuanzia kama saa 12 na robo asubuhi watu wa Tabora, Dodoma mpaka Dar wanaingia wote kwa mpigo, dakika ishirini za vurugu halafu kimya mpaka kesho. Klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) inaendeshwa na Kubernetes, iko AWS, wingu la Amazon, nodi (yaani seva) 3 siku zote na otoskela, ile inayoongeza nodi yenyewe, ina ruhusa ya kupanda mpaka 15. Tatizo nodi mpya mpaka ianze kupokea podi (nakala ya app inayofanya kazi) inachukua dakika 4 na sekunde 40, nimepima mara tano kwa saa ya simu, hapo bei imeshabadilika mara mbili na mtu ananipigia simu kunitukana na mama yangu humo humo.

Kuacha nodi nane zinawaka kutwa siwezi, bosi atanifukuza. Nimesoma kuhusu Warm Pools za EC2 (seva za kukodi za AWS), zimetoka 2021, kwamba seva inawashwa mapema, inajiandaa kila kitu, inazimwa na kuwekwa pembeni, ikihitajika ni kuwasha tu. Mimi naita kiporo, wali umepikwa jana asubuhi unapasha. Kuna aliyewahi kufanya hii kwenye klasta? Nawasilisha.

Siti_ya_Mbele:
Ngoja waje wataalamu, naweka mkeka hapa.

FundiWaKlasta:
Mkuu kabla ya kiporo, hizo dakika 4 na ushee zinaliwa na nani? Ukijumlisha HPA, ile inayoongeza podi mzigo ukipanda, inaangalia kila sekunde 15 na otoskela inapiga jicho kila sekunde 10, hapo hujapoteza dakika hata moja. Fungua logi za nodi moja mpya utuambie.

Mwana_Kibirizi:
@FundiWaKlasta nimefungua, aibu yangu. Skripti ya kuanzisha seva inasasisha paketi na kuinstoli ejenti za logi, dakika 1 na sekunde 50. Kushusha imeji ya app (kifurushi chake chote) ni dakika 1 na sekunde 20, imeji ina giga 1.8. Zinazobaki ni mashine kuwaka na kujiunga na klasta.

FundiWaKlasta:
Giga 1.8 kwa bei ya dagaa?? Mmeweka na ziwa lenyewe humo ndani 😂 Punguza hiyo kwanza, nina uhakika kompaila na takataka za kujengea zote mmeziacha. Na zile paketi ziingize kwenye AMI (nakala ya diski ambayo seva inazaliwa nayo) yako mwenyewe, zisiinstoliwe kila seva inapozaliwa.

dada_isevya:
Kaka, mimi niko Tabora na nimeshalia na hicho kiporo, ngoja nikuepushie. Seva ikiwaka mara ya kwanza ili iandaliwe, skripti yako inaendesha kila kitu, pamoja na kuwasha kubelet, ejenti anayeiunga seva na klasta. Kubelet ikiwaka inajiandikisha kwenye klasta. Klasta inafurahi imepata nodi, inaanza kuirushia podi, sekunde chache baadaye AWS inaizima ikakae kwenye kiporo. Unabaki na nodi mizimu zimeandikwa NotReady na podi zimening'inia. Siku ya kwanza nilikuwa na mizimu kumi na mbili.

Kwa nini kumi na mbili? Hapo ndo mtego wa pili, usipoweka kikomo AWS inaandaa seva kujaza tofauti yote kati ya kiwango cha juu na idadi inayotakiwa sasa hivi. Wewe una 15 na 3, hesabu mwenyewe. Weka MaxGroupPreparedCapacity, ndo kikomo chenyewe. Zikiwa zimezimwa unalipia diski tu sio mashine, ila diski kumi na mbili nazo ni hela.

Mwana_Kibirizi:
Duh, dada asante. Sasa seva inajuaje kwamba inaandaliwa tu na sio kuingia kazini?

dada_isevya:
Inauliza. Ndani ya seva piga 169.254.169.254/latest/meta-data/autoscaling/target-lifecycle-state, kwanza chukua tokeni kama umewasha IMDSv2 (njia salama zaidi ya seva kuuliza habari zake). Ikijibu Warmed:Stopped maana yake inaenda kulala, hapo ishushe imeji tu na kubelet isiguswe. Ikijibu InService iunge klasta. Na hapa wengi wanaanguka, skripti ya yuza data (ile ya kuanzisha seva) kwa kawaida inaendeshwa mara ya kwanza tu seva inapozaliwa, ikija kuamshwa kutoka kiporo haiendeshwi tena, kwa hiyo hilo swali liweke kwenye huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) inayouliza kila seva ikiwaka. Halafu weka hook ya kusubiri, seva iseme yenyewe "nimemaliza" ndo izimwe, bila hivyo inaweza kuzimwa imeji iko nusu ukapasha wali mbichi.

kOps_Mzoefu:
Au tumia kOps, zana ya kujenga klasta za Kubernetes. Hayo yote inafanya yenyewe, unaandika mistari miwili mitatu ya warmPool kwenye kundi la nodi, inashusha imeji na haijiungi mpaka ihitajike.

Mjuaji_255:
Mnateseka bure, hamieni Karpenter, otoskela nyingine, kila kitu haraka.

FundiWaKlasta:
@Mjuaji_255 Karpenter inaongea na EC2 moja kwa moja, haipiti kwenye kundi la otoskeli (Auto Scaling Group ya AWS), na Warm Pools ni mali ya kundi. Ukienda huko kiporo unakiaga. Ni nzuri, ila sio jibu la swali lake.

MzeeWaLinux:
Kijana, nikuongezee mawili. Mtakuambia uingize na imeji ya app kwenye AMI. Sawa, ila diski iliyotoka kwenye snapshot (nakala ya diski iliyohifadhiwa) inavutwa kidogo kidogo kutoka S3, ghala la data la AWS, kila kipande kinaposomwa mara ya kwanza kinachelewa. Kwenye kiporo imeji umeishusha juu ya diski ile ile itakayotumika, adha hiyo huna.

La pili, mzigo wako una saa zake. Kwa nini usubiri otoskela ishtuke? Weka podi za kushika nafasi, zenye kipaumbele hasi, hazifanyi kazi yoyote. Podi ya kweli ikija inamfukuza aliyekaa na kukaa palepale, aliyefukuzwa ndo anayesababisha nodi mpya iletwe. Ni kama kuweka begi kwenye siti ya basi. Kipaumbele kisishuke chini ya -10, chini ya hapo otoskela kwa kawaida inampuuza, hakuna nodi itakayokuja. Mabegi hayo yaongeze saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa kutumia KEDA, zana inayoweza kupandisha podi kwa ratiba, uyaondoe saa moja na nusu.

Mwana_Kibirizi:
Mrejesho wakuu, wiki mbili zimepita.

Imeji imeshuka mpaka mega 310, kumbe tulikuwa tumebeba mpaka picha za majaribio. Kiporo cha seva 4, na swali la dada liko kwenye systemd. Nodi sasa inapokea podi ndani ya dakika 1 na sekunde 5 hivi. Mabegi ya Mzee yanashika nafasi ya nodi mbili, kwa hiyo wale wa kwanza kabisa hawasubiri, na wakati wanajaa kiporo kinapashwa.

Vituko havikosi. Kwenye ratiba niliandika 12 nikimaanisha saa kumi na mbili asubuhi, mabegi yakawa yanapanda saa sita mchana watu wamelala na joto lao, siku tatu nashangaa mbona hakuna mabadiliko. Na ile ratiba ya AWS yenyewe kwa kawaida inasoma UTC, asubuhi yetu hiyo kwao ni 03:00. Nimehamia KEDA nikaandika Africa/Dar_es_Salaam nikapumzika.

dada_isevya:
😂😂 saa za Kiswahili hizo. Seva zikimaliza kazi unazirudisha kwenye kiporo au unaziua?

Mwana_Kibirizi:
Naziua, inaandaliwa mpya. Nilijaribu kurudisha, nodi ikarudi na uchafu wa jana, diski imejaa logi. Kiporo cha kiporo hapana. Kilichobaki ni mbalamwezi, siku mwezi ukiwa mkubwa boti nyingi haziingii majini maana taa haivuti dagaa, sasa ratiba ya saa haijui mwezi, mabegi yanapanda bure. Na ziwa likifungwa kama 2024, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, hapo ni kuweka sifuri kwa mkono, mwaka ule tulisahau bili ikaja kama kawaida.

MzeeWaLinux:
Tarehe za mwezi zinahesabika kijana, andika kaskripti kanakoweka idadi ya mabegi kila jioni.

Siti_ya_Mbele:
Nimefuata uzi mpaka mwisho, sasa mkuu dagaa kilo bei gani leo?

Mwana_Kibirizi:
Leo mwezi mpevu kaka, hakuna mzigo. Rudi wiki ijayo, hata seva zimelala.