DNP au PhD? Nina uzamili, nafanya kazi wodini

NesiWaUsiku:
Wadau, habari za kazi. Mimi ni muuguzi hapa Marekani, nina uzamili na leseni ya muuguzi bingwa wa familia, ila bado niko wodini na napapenda. Nataka kusoma udaktari wa uuguzi. Mmoja ananiambia DNP (udaktari wa uuguzi wa vitendo) ndiyo inayonifaa, mwingine anasema nisubiri PhD (udaktari wa utafiti) kwa sababu DNP haina tasnifu. Tena wapo wanaodai bila DNP leseni yangu haitakuwa na maana. Mliopita huko, ukweli ni upi? Na ule mradi wa mwisho wa DNP unakuwaje hasa? Nawasilisha.

Mama Tumaini:
Mdogo wangu, la leseni lisikunyime usingizi. Mwaka 2004 Chama cha Vyuo vya Uuguzi vya Marekani (AACN) kilipendekeza kwamba ifikapo 2015 wauguzi bingwa waandaliwe kwa DNP. Yalikuwa mapendekezo tu. 2015 imepita na majimbo bado yanatoa leseni kwa wenye uzamili. Waliobanwa kweli ni wauguzi wa usingizi: tangu Januari 2022, anayeanza masomo hayo lazima aingie moja kwa moja ngazi ya udaktari.

Kuhusu mradi, hapo ndipo watu wanapodharau bila kujua. PhD inakutaka uzalishe maarifa mapya. DNP inakutaka uchukue yaliyokwisha thibitishwa, yale ambayo wote tumesoma na hatuyatekelezi, uhakikishe yanatekelezwa. Wangu ulihusu mipira ya mkojo. Inajulikana miaka mingi kwamba kadiri mpira unavyokaa ndani ndivyo hatari ya maambukizi inavyopanda. Lakini unamkuta mgonjwa anatembea mwenyewe koridoni, anasukuma stendi na mfuko wa mkojo unaning'inia, ukiuliza mpira ni wa nini unajibiwa, "Alitoka nao dharura."

Tukaweka swali moja kwenye kukabidhiana zamu: leo mpira huu upo kwa sababu gani? Kama sababu haimo kwenye orodha tuliyokubaliana na madaktari, nesi anautoa bila kusubiri kupiga simu. Fomu yenyewe haikujaza ukurasa. Kazi ilikuwa kuwapata madaktari wa upasuaji watie saini, na kukaa na manesi wa usiku nisikilize kwa nini hawataki. Walikuwa na hoja nzito: mpira ukitoka, nani atawapeleka wagonjwa chooni na wao ni wachache vile? Wao ndio walioubadilisha mradi. Tukaongeza ratiba ya kuwapeleka chooni na kifaa cha kupima mkojo uliobaki kwenye kibofu, tukapima, tukarekebisha, tukapima tena. Anayesema huo si usomi aje ajaribu.

Baraka_RN:
Mimi nilichagua PhD na sijuti, maana swali langu halikuwa na jibu popote. Ila nakubaliana na mama hapo juu. Nyongeza: programu nyingi za DNP zinadai jumla ya saa 1,000 za vitendo baada ya shahada ya kwanza, na saa za uzamili huwa zinahesabiwa. Omba chuo chako cha zamani barua ya kuthibitisha saa hizo mapema, usingoje kuulizwa. Na hakikisha programu ina ithibati ya CCNE au ACEN, vyombo vinavyokagua ubora wa programu za uuguzi, kabla ya kulipa ada yoyote.

NesiWaUsiku:
Asanteni sana. Kwetu tatizo ni wagonjwa kuanguka usiku wakielekea chooni. Naweza kuingia nalo?

Mama Tumaini:
Ingia nalo, tena ni zuri kwa sababu unalishuhudia kila zamu. Kabla hujajaza maombi ya chuo fanya mambo mawili. Ongea na meneja wako, na akikubali akuandikie. Ruhusa ya mdomo huondoka na meneja. Kisha mtafute anayetunza takwimu za kuanguka, umwulize kama zinaonyesha saa na mahali mgonjwa alipoangukia. Zikiwa na jumla ya mwezi tu, hutajua uanze na chumba gani wala saa ngapi. Halafu kuna kamati ya maadili ya utafiti: hata kama mradi ni wa kuboresha huduma, wao ndio wanaotamka kwamba siyo utafiti. Mara nyingine ni kamati mbili, ya chuo na ya hospitali, na kila moja ina kalenda yake. Peleka karatasi zako mapema.