Acheni kutupimia ukali wa lenzi pana kwa kutazama katikati tu!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila zumu mpya ya pembe pana (lenzi ya kamera inayochukua eneo kubwa na kubadilika upana) ikitoka, haichukui muda mtu kashaweka "ulinganisho wa ukali", yaani jinsi picha inavyotoka safi bila ukungu: vipande viwili vilivyokatwa katikati kabisa ya picha, mshale mwekundu, na hukumu kwamba hii kali, ile butu, kama ule wa juzi hapa. Watu wanamshukuru, kisha wanaenda kutoa hela zao. Yaani huo ndio mnauita ulinganisho?

Katikati ya fremu karibu kila lenzi ya kisasa inafanya vizuri, hata zile za bei ya chini. Nani ananunua zumu pana ya 16-35mm kwa ajili ya katikati? Tunainunua ili jengo lienee ukingo hadi ukingo, ili mtu aliyesimama mwisho wa mstari aonekane kama wenzake, ili nyota za pembeni zibaki nukta. Kwenye sensa ya fremu kamili (kipokea picha chenye ukubwa wa filamu ya 35mm) kona iko milimita 21.6 kutoka katikati, na huko ndiko lenzi pana zinakoumbuka. Angalieni Canon EF 16-35mm f/2.8L II ya 2007 na EF 16-35mm f/4L IS ya 2014. Ile f/4 ilikuja kwa bei ya chini, lakini konani ilimwacha mkubwa wake mbali. Kama huna haja na tundu kubwa la mwanga la f/2.8, mtu aliyekuonyesha katikati peke yake alikuwa anakusukuma ulipe zaidi upate kona mbovu zaidi.

Halafu wapo wanaojitahidi kuonyesha kona, nao wanaharibu. Wanafokasi katikati, wanapiga, wanakata kona, wanatangaza "laini mno". Jamani! Lenzi nyingi pana uso wake wa fokasi (eneo lote linalotoka kali kwa pamoja) haujanyooka, umepinda kama bakuli. Ukifokasi katikati ya ukuta, kona inaweza kuwa imefokasi mbele ya ukuta au nyuma yake. Unaiita lenzi butu wakati kona iko nje ya fokasi tu. Piga picha ya pili ukiwa umefokasi konani penyewe, ndipo useme. Kazi ya dakika moja, lakini hawaifanyi. Na ile chati ya majaribio wanayobandika ukutani hatua chache kutoka kwenye kamera haikwambii lenzi itafanyaje kwenye milima iliyo mbali. Zipo lenzi nzuri kwa karibu zinazolegea kwa mbali, na zipo za kinyume chake.

Linaloniuma kuliko yote ni kupima lenzi moja na kuisemea aina nzima. Zumu pana ina vioo vingi, na makundi ya vioo hivyo yanasogea kila unapozungusha. Kioo kimoja kikikaa upande kidogo tu, kona moja inakufa na nyingine inapona. Yangu niliinunua kwa ulinganisho wa namna hii. Upande wa kushoto ni ukungu mtupu, hata nikibana tundu hadi f/8 hausafiki, kulia hauna tatizo lolote. Nikaiweka kamera kwenye tripodi, nikapiga, nikaipindua kichwa chini, nikapiga mandhari ileile. Ukungu ukahamia upande wa pili wa mandhari, kwa hiyo kosa liko kwenye lenzi. Nikamwendea mwandishi wa ulinganisho kwa heshima zote, akanijibu nikajifunze kwanza kupiga picha! Yeye kapata nakala nzuri, yaani lenzi moja ya aina ileile iliyotoka sawa, basi wote tuliobaki hatujui kazi.

Roger Cicala wa LensRentals, kampuni ya kukodisha lenzi, ameonyesha kwa miaka mingi, kwa kupima nakala nyingi za lenzi ileile kwenye mtambo, kwamba hakuna mbili zinazofanana kabisa, na kwamba zumu ndizo zinazotofautiana zaidi. Haya si mambo ya siri. Mtu mwenye lenzi moja mkononi aseme "hii yangu iko hivi", aishie hapo.

Mengine nayataja tu maana yanachosha: kulinganisha picha za JPEG ambazo kamera imeshaziongezea ukali, kuweka lenzi moja kwenye kamera ya megapikseli 24 na nyingine kwenye ya 45, kupiga zote kwa tundu dogo la f/16 ambako mwanga unatawanyika ukipita kwenye tundu, unazilainisha zote zikafanana. Na marekebisho ya programu hayasemwi kabisa. Canon RF 14-35mm f/4L ya 2021, kwa mfano, kwenye 14mm inategemea sana programu kunyoosha mistari iliyopinda pichani, na kona ikivutwa namna hiyo lazima ipoteze ukali. Mlichopima ni kioo au ni programu? Semeni.

Sasa wewe uliyeweka ulinganisho wa juzi na bado unapokea pongezi: weka faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazirekebisha). Kona zote nne, 16mm, kati na 35mm, apecha (tundu la mwanga) iliyo wazi kabisa na f/8, umbali wa mbali, fokasi ya katikati na fokasi ya kona. Utuambie pia ulipima nakala ngapi. Kama huna, badilisha kichwa cha habari kiseme "katikati ya lenzi yangu", maana kuna watu wanaingia madukani leo hii kwa maneno yako.